Alaimenti ya Gari: Soma Matairi Yako Kabla ya Kumlipa Fundi

Kata usukani mpaka mwisho, zima gari, vuta hendibreki, kisha shuka uchuchumae mbele ya tairi la mbele. Angalia kwanza kwa macho kama kuna waya uliochomoza, maana unachana mkono vibaya. Kama hakuna, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kirudishe kutoka ndani kwenda nje. Mkono ukiteleza sawasawa kotekote, vizuri. Ukiteleza ukienda na kukwaruzwa ukirudi, kama mtu anayepapasa meno ya msumeno, basi umeshaipima alaimenti yako, yaani namna magurudumu yalivyoelekezwa, na hujamlipa mtu hata shilingi.

Kanuni yake mimi naikumbuka hivi: laini ukiingia, magurudumu yanatazama ndani, laini ukitoka, yanatazama nje.

Nililijua hili kwa hasara. IST yangu niliifunga matairi mawili mapya mbele, nikapita gereji moja ikapandishwa kwenye mashine, nikalipa, nikaondoka na furaha zangu. Haikutimia miezi minne, upande wa ndani wa tairi la kushoto waya unachungulia, na ukilitazama kwa nje bado lina kashata, yale matofali ya mpira usoni, kama limetoka dukani jana. Mashine haikuwa na kosa. Tairodi endi ya kushoto, kile kifundo kinachounganisha fimbo ya usukani (tairodi) na gurudumu, ilikuwa imelegea na hakuna aliyeishika kabla ya kuanza kupima. Kupima alaimenti juu ya kifundo kilicholegea ni sawa na kupima kitambaa kinachopeperushwa na upepo: namba utapata, nguo haitakutosha. Kwa hiyo hapa mashine tutaifikia mwishoni, tuanze na pembe zenyewe tatu: tou, kemba na kasta.

Tou, mla matairi

Simama wima utazame miguu yako. Vidole vikielekeana, hiyo ni tou ya ndani. Vikiachana kama vya bata, hiyo ni tou ya nje. Kwenye gari tunalinganisha umbali kati ya matairi mawili ya ekseli moja, ukipimwa upande wa mbele wa matairi na ukipimwa upande wa nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tou. Magari mengi madogo hutakiwa kuwa karibu na sifuri, ikizidi au kupungua ni milimita moja au mbili tu.

Milimita mbili tatu zinaonekana kama mchezo, lakini piga hesabu. Chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 60 na tou iliyokosewa kwa milimita 3. Kila tairi linabeba nusu ya kosa, na gari linapokwenda kilomita moja mbele, kila tairi linakuwa limelazimishwa kwenda ubavu kama mita 2.5. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Yaani kufika Dodoma, kila tairi la mbele limesukumwa kiubavu zaidi ya kilomita moja nzima. Mpira unaotoka hapo ni mpira ulioununua kwa pesa yako.

Hapo ndipo meno ya msumeno yanapozaliwa. Tairi lenye tou ya ndani linataka kwenda katikati ya gari, lakini gari linakwenda mbele moja kwa moja, kwa hiyo uso wake unaburuzwa kuelekea nje. Ukingo wa nje wa kila kashata unalainika, ukingo wa ndani unabaki mkali. Mkono ukitoka nje kuingia ndani unateremka juu ya kingo zilizolainika. Ukirudi, unakutana na makali. Tou ya nje ni kinyume chake. Baadaye bega lenyewe la tairi linaisha: la nje kwa tou ya ndani, la ndani kwa tou ya nje.

Kwenye usukani, tou ya nje hulifanya gari kuwa na wasiwasi. Ukigusa kidogo linakimbilia, na barabara yenye mikondo ya malori linakwenda linavyotaka lenyewe. Tou ya ndani kidogo hutuliza gari, ikizidi unahisi usukani mzito wa kuitikia. Magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma huwekewa tou ya ndani kidogo, kwa sababu yakiwa mwendoni barabara huyasukuma matairi ya mbele kufunguka. Yanayovutwa na magurudumu ya mbele hufanya kinyume, injini huyavuta yajifunge, na ndiyo maana mengi huwekwa sifuri au nje kidogo sana. Fundi anayeweka kipimo kimoja kwa kila gari linaloingia getini anakisia tu.

Kemba, anayesingiziwa

Sasa litazame gari kwa mbele. Kichwa cha tairi kikilala kuelekea ndani, hiyo ni kemba hasi. Kikilala kuelekea nje, ni kemba chanya. Kemba hasi iliyozidi hula bega la ndani, chanya hula la nje. Dalili inayoitofautisha na tou ni ulaini: kemba hula upande mmoja taratibu na bila kuacha meno. Kwa hiyo ukiona upande wa ndani umeisha na mkono unakutana na msumeno, usiseme kemba hata kama fundi amesema. Nusu ya kesi za kemba ninazoletewa ni tou ya nje iliyovaa kanzu ya mwenzake.

Kwa usukani, kemba hutesa pale kushoto na kulia zinapotofautiana. Gari huvuta kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi. Tofauti ikizidi nusu digrii, utaihisi mikononi.

Kuna jambo moja linalowagharimu watu pesa bure. Magari madogo mengi tuliyonayo, IST, Vitz, Corolla na ndugu zao, yana shokapu iliyofungwa moja kwa moja na kifundo cha gurudumu, na kiwandani hayakuwekewa boliti ya kurekebisha kemba. Kemba ikiwa imeharibika, kuna kitu kimepinda au kimechoka: shokapu, mkono wa chini (chuma kinacholishika gurudumu kwa chini), bushi zake za mpira, au springi imelala. Zipo boliti maalumu zenye kiuno chembamba ambazo hufungwa kati ya shokapu na kifundo kupata digrii moja hivi, na ni suluhisho halali, lakini mtu akikuambia ameweka kemba sawa muulize amegusa boliti gani. Hilux na Prado za mikono miwili zina boliti kwenye mkono wa chini ambazo ukizizungusha zinausogeza mkono. Huko kemba na kasta vinarekebishika kweli.

Kasta, rafiki wa baiskeli

Aliyewahi kuendesha baiskeli akiachia mikono anaijua kasta bila kujua jina lake. Tazama Phoenix kwa ubavu: uma wa mbele umelala, juu kuelekea kwa mwendeshaji. Ukichora mstari kufuata ule mlalo hadi ardhini, unagusa chini mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Tairi linafuata nyuma ya mstari huo kama mkia, na mkia unapenda kunyooka. Gari ni hivyohivyo. Ule mlalo wa nyuma ndio kasta chanya, na ndio unaorudisha usukani ukitoka kwenye kona.

Kasta haili tairi kwa kiasi cha kukusumbua. Ikipungua, usukani unakuwa mwepesi lakini haurudi wenyewe, na kwenye mwendo wa kilomita 90 unajikuta unasahihisha kila sekunde. Ikizidi, usukani mzito. Zikitofautiana, gari huvuta upande wenye kasta ndogo. Wenye Land Cruiser za springi zilizoinuliwa kwa ajili ya mbugani wanalijua hili hata kama hawajaambiwa: ekseli nzima ya mbele ikiinuliwa bila kubadili bushi za mikono, inajizungusha na kasta inapotea. Gari linapendeza kwa macho, ila likitoka kona ya kwanza dereva ndiye anayeurudisha usukani.

Na nyuma? Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linakoelekea. Yakitazama pembeni, gari linatembea kiubavu kama kaa: mwili umeelekea huku, safari inakwenda kule, na usukani umepinda ilhali barabara imenyooka. IST ina ekseli ya nyuma ya kipande kimoja isiyo na pa kurekebisha. Ikiwa imepigwa kwenye ukingo wa barabara ikapinda, hakuna alaimenti ya mbele itakayoitibu.

Kwanza, kagua

Fanya haya nyumbani, yote, kabla ya kwenda popote.

Hatua ya 1. Upepo. Jaza asubuhi matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, achana na cha kijana wa pampu anayejaza 40 kila gari. Tairi la upande mmoja likiwa na upepo mdogo, gari linavuta upande huo. Ukiona tairi limeisha mabega yote mawili na katikati ni zima, limetembea na upepo mdogo. Limeisha katikati tu, limejazwa kupita kiasi. Hayo hayana uhusiano na pembe yoyote.

Hatua ya 2. Matairi yenyewe. Ekseli moja iwe na matairi ya saizi moja, aina moja, na uchakavu unaolingana. Tairi la mtumba lililochanganywa na jipya linaweza kuvuta gari peke yake. Kujua kama mchawi ni tairi, badilisha la mbele kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, kisha endesha. Mvuto ukihama upande, au ukiisha, umempata. Usifanye hivi kama matairi yako yana mshale wa mwelekeo ubavuni.

Hatua ya 3. Vifundo. Weka gari mahali pa bapa, zuia matairi ya nyuma kwa mawe au mbao, inua mbele kwa jeki na uliweke juu ya stendi. Jeki peke yake usiiamini. Shika tairi kwa mikono miwili, mmoja mahali pa saa tatu na mwingine pa saa tisa, lisukume na kulivuta. Likicheza, tairodi endi au raki (sanduku la usukani linalosukuma tairodi) ina nafasi. Sasa shika pa saa kumi na mbili na pa saa sita, fanya hivyohivyo. Likicheza hapo, ni bolijointi (kifundo kinachounganisha gurudumu na mkono wa chini) au beringi. Mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa: mchezo ukiisha, ni beringi; ukibaki, ni bolijointi. Uchunguze pia mkono wa chini kwa bapa la chuma. Ukilikandamiza kati ya mkono na fremu, bushi iliyopasuka inafunguka kama mdomo.

Hatua ya 4. Urefu wa gari. Simama mbali mahali pa bapa utazame kama kona moja imelala. Springi iliyochoka hubadilisha kemba na kasta kwa pamoja. Toa pia mizigo usiyotembea nayo. Lakini kama Probox yako kila siku inabeba magunia, ipeleke kwenye alaimenti ikiwa na uzito wa kawaida wa kazi, si tupu.

Hatua ya 5. Breki. Endesha dakika kumi bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa inatoa joto kuliko wenzake, breki inang'ang'ania, na ndiyo inayovuta gari.

Chochote kilicholegea kibadilishwe sasa. Na tutenganishe kitu ambacho watu hukichanganya kila siku: usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa 80 hadi 110 kisha ukatulia, hiyo ni balansi, yaani uzito wa tairi na rimu haujalingana. Alaimenti haitetemeshi gari hivyo. Tairi lenye mabonde na vilima vya zamu, linalonguruma kama beringi mbovu, kwa kawaida linalalamikia shokapu iliyokufa.

Kupima tou kwa futi kamba

Hii ni njia ya gereji ya mtaani, na ukiifanya kwa utulivu inakaribia sana usahihi wa mashine kwa tou. Kemba na kasta haiwezi.

Gari likiwa limeinuliwa mbele, zungusha tairi kwa mkono huku umeshikilia chaki, au msumari juu ya rangi ya chaki, usigeuze mkono, upate mstari mmoja unaozunguka katikati ya uso wa tairi. Fanya pande zote mbili. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita mbili tatu ili shokapu na springi zikae mahali pake. Ukiruka hapo umepima uongo, maana gari lililotoka kwenye jeki magurudumu yake huwa yamejibana.

Nyoosha usukani. Weka alama ndogo kwenye kila mstari, upande wa nyuma wa tairi, kwenye urefu wa kitovu cha gurudumu. Wewe shika upande mmoja wa futi kamba, mwenzako mwingine, pima kati ya alama hizo na uandike. Sasa sukuma gari mbele mpaka alama zilezile zifike upande wa mbele kwa urefu uleule. Pima tena. Kwa kutumia alama zilezile, hata rimu iliyopinda kidogo haitakudanganya. Mbele ikiwa fupi kuliko nyuma, ni tou ya ndani. Mbele ikiwa ndefu, ni ya nje. Rudia mara tatu. Vipimo visipolingana ndani ya milimita moja, usishike spana bado.

Kurekebisha, legeza loknati (nati ya kufungia) ya tairodi zote mbili na klipu ya mpira wa raki ili mpira usijisokote. Piga alama ya rangi kwenye kila tairodi ujue ulikoanzia. Robo mzunguko kwa kawaida huhamisha tou milimita moja hadi mbili, kwa hiyo nenda polepole. Zungusha pande zote mbili kwa kiasi sawa. Ukizungusha moja tu, tou itakubali lakini usukani utapinda. Kama raki ipo nyuma ya ekseli, kurefusha tairodi kunasukuma nyuma ya tairi kwenda nje, unapata tou ya ndani. Raki ikiwa mbele ya ekseli, matokeo ni kinyume. Tazama chini ya gari lako uone ni lipi, usifuate kumbukumbu ya gari la jirani. Kaza loknati, sukuma gari tena, pima tena.

Usukani ukibaki umepinda, fupisha tairodi moja na urefushe nyingine kwa kiasi kilekile mpaka unyooke. Usikubali mtu aung'oe usukani na kuurudisha kwenye jino jingine. Kwenye magari yenye mfumo wa kuzuia kuteleza kuna kihisi cha pembe ya usukani, na ujanja huo huwasha taa kwenye dashibodi kisha unabaki na tatizo la pili.

Kwenye mashine, simama karibu

Kaa pale, usiende kunywa chai. Fundi anayejua kazi ataanza kwa upepo na kutikisa matairi. Asipofanya, mwombe. Kisha atafunga vishikio kwenye magurudumu yote manne. Akifunga mawili ya mbele tu, muulize gari linakoelekea atalijuaje. Atalisukuma gari kidogo mbele na nyuma ili mashine isome kasoro za rimu. Atachagua gari lako kwenye orodha, na hapa tazama kioo cha mashine: modeli na mwaka viwe vyako. Kasta hupimwa kwa kukata usukani kushoto na kulia matairi yakiwa juu ya sahani zinazozunguka. Kama sahani zimefungwa pini au zimejaa mchanga, kipimo hicho ni mapambo.

Wakati wa kurekebisha tou, usukani lazima ufungwe kwa kishikilizi, umenyooka, na injini iwe imewashwa wakati wa kuunyoosha kama usukani ni wa pawa.

Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Pembe huandikwa kwa digrii na dakika, na digrii moja ina dakika 60. Kwa tairi la sentimita 60, milimita moja ya tou ni takriban dakika 6. Kwa hiyo jumla ya tou ya dakika 18 ni milimita 3, zile za safari yetu ya Dodoma. Soma tou ya kila upande pia, si jumla peke yake: kushoto dakika 12 ndani na kulia dakika 12 nje zinatoa jumla ya sifuri yenye rangi ya kijani, na usukani umepinda. Mwisho angalia mstari wa nyuma. Kama una ekseli isiyorekebishika na namba yake ni nyekundu, mwambie fundi akuonyeshe kilichopinda kabla hajagusa mbele.

Kisha barabarani. Tafuta kipande kirefu, kikavu, kisicho na magari. Barabara zetu zimejengwa zikiteremkia pembeni ili maji yakimbie, na kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, gari zima kabisa huelekea kushoto polepole ukilegeza mikono. Huo si ugonjwa. Linalokimbilia kulia kinyume cha mteremko, au linalotoka kushoto kwa haraka, lirudishe siku hiyohiyo na karatasi mkononi.

Rudia kipimo kila unapobadilisha tairodi, bolijointi, shokapu au raki, na kila ulipoingia shimo ukasikia chuma. Anayeshinda kwenye barabara za vumbi na matuta asivuke kilomita 10,000. Na baada ya kilomita 500 za kwanza, chuchumaa tena pale mbele, pitisha kiganja nje kwenda ndani, ndani kwenda nje. Tairi jipya linaanza kuota meno mapema, wakati bado lina mpira wa kuokoa.